Ndege Imefutwa na Mfukoni Pamebaki Kidogo: Majibu kwa Wasomaji Watatu wa Dodoma

Safu ya toleo hili nimeitenga kwa barua tatu zinazohusu jambo moja, nazo zimetoka kwa mfanyabiashara wa Majengo, mzazi wa Nkuhungu na mtumishi wa umma anayefanya kazi Mtumba. Nimeziweka pamoja kwa sababu sisi tunaoishi Dodoma tuna namna yetu ya kukwama ambayo mkazi wa Dar es Salaam haijui vizuri. Ndege ya kutoka ng'ambo ikitua Dar es Salaam, Kilimanjaro au Nairobi, sisi bado hatujafika nyumbani. Safari moja ikifutwa huko mbali, tiketi ya kipande cha mwisho nayo huingia hatarini, na msafiri mwenye fedha za kuhesabu hujikuta anadaiwa nauli mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Barua ya kwanza

"Ndugu Mwandishi, pole na kazi. Ninauza vitenge na nguo za watoto katika soko la Majengo. Nilipokuwa ninarudi kutoka Guangzhou, ndege niliyopaswa kuunganisha katika uwanja mmoja wa nchi za Ghuba ilifutwa baada ya anga kufungwa. Nilisimama kwenye foleni usiku kucha, na nilipofika kaunta nikaambiwa nichague: nirudishiwe nauli, au nisubiri bila kujua nitaondoka lini. Nilikuwa nimebakiwa na dola 60, kwa kuwa fedha nyingine zote nilikuwa nimelipia mzigo unaokuja kwa kontena. Nikachagua nauli, nikatia sahihi. Baadaye nikaelezwa kwamba fedha zitarudi kwa wakala aliyenikatia tiketi. Ikanibidi nikope kwa wafanyabiashara wenzangu ili ninunue tiketi nyingine ya bei kubwa, na nilipotua Dar es Salaam nikakuta tiketi yangu ya kuja Dodoma, niliyoikata kwa shirika jingine, haifai tena kwa sababu ndege ilikwisha kuondoka. Mtu wa kipato changu afanye nini akikwama namna hii?"

Mama, pole sana. Barua yako niliisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa uchaguzi uliopewa pale kaunta ndio unaowaumiza wasafiri wengi wenye fedha kidogo, nao hutolewa saa ambayo mtu amechoka, ana njaa na ana foleni nzima inayomsukuma mgongoni.

Shirika la ndege linapofuta safari, msafiri huwa bado analidai jambo moja kubwa, nalo ni kumfikisha kule alikolipia. Akikubali kurudishiwa nauli, deni hilo linakwisha papo hapo. Anakuwa kama abiria aliyeteremka basi njiani kwa hiari yake: hadai tena kiti, hadai chakula, hadai mahali pa kulala. Na fedha anayorudishiwa si nauli yote aliyolipa. Ni thamani ya kipande ambacho hajakitumia, kwa bei ya siku aliyokata tiketi, ambayo pengine ilikuwa miezi kadhaa nyuma wakati bei zilikuwa chini. Tiketi mpya ataikata kwa bei ya leo, katika uwanja ambao maelfu ya watu wanagombea viti vichache. Fedha hizo pia hurudi kwa njia zilikopitia. Kama ulimlipa wakala wa Dodoma, shirika litamrudishia wakala, na wakala ndiye atakayekurudishia wewe, jambo linaloweza kuchukua majuma. Kwa mwenye akiba kubwa, kurudishiwa nauli ni njia moja kati ya nyingi. Kwa mwenye dola 60, naamini kwa dhati kwamba kiti ndicho cha kuking'ang'ania, hata kama kiti hicho ni cha keshokutwa.

Maneno "hatujui utaondoka lini" yanatisha, lakini mara nyingi yana maana finyu kuliko yanavyosikika. Aprili 2024 mvua kubwa ilipofurika Dubai, na Juni 2025 anga ya Qatar ilipofungwa kwa saa chache za usiku, msongamano wa abiria uliendelea hata baada ya maji kupungua na anga kufunguliwa. Sababu yake ni ya kiutendaji. Ndege zilikuwa zimetua katika miji ambayo hazikupangiwa, marubani na wahudumu walikuwa wamemaliza saa wanazoruhusiwa kufanya kazi na ilikuwa lazima wapumzike, na safari zilizofuata zilikuwa zimekwisha kujaa watu wenye tiketi zao. Kwa hiyo abiria waliokwama huingizwa mmoja mmoja katika nafasi zinazopatikana. Mhudumu wa kaunta anaposema hajui, huwa hajui ni nafasi ipi itakayokuangukia. Anayebaki kwenye orodha ataipata, na aliyejiondoa ameiachia wengine.

Pale kaunta, sema kwa upole na bila kuyumba kwamba huombi kurudishiwa nauli, unaomba kupelekwa Dar es Salaam kwa ndege ya kwanza yenye nafasi, hata kama inapitia Addis Ababa au Nairobi, na hata kama ni ya shirika jingine. Mashirika mengi yana makubaliano ya kupokeana abiria, ila mhudumu hawezi kukupa njia ambayo hukuiulizia. Muulize pia kama Kilimanjaro inakubalika badala ya Dar es Salaam. Kwa mtu wa Dodoma tofauti si kubwa, maana kutoka Arusha kuna lami kupitia Babati na Kondoa hadi hapa, na kiti cha Kilimanjaro huenda kikawa wazi wakati vya Dar es Salaam vimejaa.

Wakati umesimama kwenye foleni hiyo, mtu wa nyumbani ampigie wakala wako. Tiketi iliyokatwa na wakala ipo katika mfumo anaoufungua yeye akiwa ofisini kwake, na mara nyingi anaweza kukubadilishia safari kabla wewe hujafika kaunta. Mtumie picha ya tiketi, namba ya uhifadhi na ujumbe wa kufutwa kwa safari. Wakala asiyepokea simu siku ya shida hafai kupewa biashara yako tena, hata akiwa na bei nafuu kuliko wenzake wote wa mtaani.

Kuhusu chakula na malazi, sheria hutofautiana kulingana na mahali. Safari inayoanzia katika nchi ya Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au inayoelekea huko kwa shirika la huko, inalindwa na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Kanuni hiyo inalitaka shirika likulishe, likulaze na likusafirishe kati ya uwanja na hoteli hadi utakapoondoka. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya mwezi Aprili 2010, zilizuka hoja kwamba janga kubwa kiasi kile linaliondolea shirika wajibu huo. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba wajibu wa kumhudumia abiria unabaki palepale, hata pale fidia ya fedha taslimu isipodaiwa.

Safari yako haikugusa Ulaya. Unaoihusu ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao China, Tanzania na nchi za Ghuba wasafiri wetu wanakounganishia ndege zimeuridhia. Mkataba huu unamruhusu abiria kudai hasara halisi iliyotokana na kucheleweshwa, isipokuwa shirika likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizowezekana kuizuia. Kikomo cha madai ya namna hiyo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria mmoja, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hicho ni kikomo tu; hakuna anayelipwa kiasi hicho kwa kukaa uwanjani. Atakayelipwa ni mwenye risiti za matumizi ya kiasi: chai, wali, chumba cha kawaida, nauli ya teksi. Ndiyo maana ninakusihi uombe kuponi ya chakula na kitanda hata kama hujui sheria ya mahali pale, na ukinyimwa umwombe mhudumu aandike kwamba safari imefutwa na kwa sababu gani. Karatasi hiyo, au ujumbe wa simu wenye maelezo hayo, ni mali. Usiufute.

Sasa nizungumzie dola 60 zenyewe, maana sheria haishibishi usiku huohuo. Usizibadilishe zote katika duka la kubadilishia fedha la uwanjani, kwa kuwa viwango vyake kwa kawaida humwumiza mteja. Badilisha kidogo, au tumia kadi ya benki kwa mahitaji madogo. Ukitumia kadi, mashine huenda ikakuuliza kama unataka kulipa kwa dola au shilingi badala ya fedha ya nchi ile. Chagua fedha ya nchi ile. Ukichagua nyingine, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha ubadilishaji, na hakipangi kwa faida yako. Chupa tupu inapita kwenye ukaguzi bila tatizo, na viwanja vikubwa vina mabomba ya maji ya kunywa bila malipo, ilhali chupa moja ya maji dukani huweza kula sehemu kubwa ya fedha za chakula cha siku. Biskuti, karanga na tende ulizonunua mjini kabla ya kuingia uwanjani zitakubeba usiku mzima.

Simu ndiyo ofisi yako, kwa hiyo ilinde kuliko begi. Punguza mwanga wa kioo, zima programu zisizohitajika, kaa karibu na soketi, na uwe na kichwa cha chaja kinachoingia katika soketi za nchi unakopitia. Laini yako ya Tanzania iwe imewezeshwa kufanya kazi nje kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila ujumbe huo huwezi kununua kitu mtandaoni hata kama akaunti ina fedha. Dawa unazotumia kila siku, nguo za ndani, kanga na sweta viwe katika begi la mkononi. Viwanja hivyo hupozwa kwa baridi ambayo mtu wa Dodoma, hata aliyezoea upepo wetu wa Juni na Julai, hawezi kuivumilia usiku mzima akiwa amelala juu ya marumaru.

Usitoke nje ya eneo la abiria wanaounganisha ndege kabla hujauliza kama pasipoti yako inahitaji viza ili kurudi ndani. Ukiwaona Watanzania wengine waliokwama, jiungeni. Mmoja ashike foleni, mmoja alinde mizigo, mmoja afuatilie simu, na mkilazimika kulipia chumba mgawane gharama. Ubalozi wetu unaweza kusaidia pale pasipoti inapopotea au viza inapoleta utata, ila usitegemee ulipie hoteli au nauli.

Tiketi ya Dodoma ilikufa kwa sababu uliikata peke yake. Shirika la pili halikujua kwamba la kwanza limekukwamisha. Kwake wewe ulikuwa abiria ambaye hakutokea. Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mara tu unapojua kwamba hutawahi, piga simu au andika kwa shirika la pili kabla ya saa ya ndege kuondoka. Kubadilisha tarehe mapema kunaweza kukugharimu faini, lakini kutotokea mara nyingi hugharimu tiketi nzima. La pili ni la kufikiria siku ya kununua: kama wakala anaweza kukupa tiketi moja kutoka Guangzhou hadi Dodoma, hata ikizidi kidogo kwa bei, ichukue, kwa kuwa anayeuza tiketi moja ndiye anayebeba mzigo wa kukufikisha mwisho wa safari.

Kama haipatikani, usikate tiketi ya ndege ya ndani mapema. Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, msafiri anayetua Dar es Salaam hana sababu ya kufungwa na saa ya ndege. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000 wakati huduma ilipoanza, safari ni ya takribani saa nne, na tiketi hukatwa kwa simu. Treni ya kawaida husimama pia Pugu, upande uleule wa Uwanja wa Julius Nyerere, kwa hiyo mtu mwenye mizigo hana haja ya kuvuka jiji hadi stesheni ya katikati. Hakikisha tu kwamba treni unayoikata ni ya kusimama huko, maana ya haraka hupita bila kusimama. Siku za sikukuu viti huisha mapema, na hapo basi la Mbezi linabaki kuwa tegemeo, likiwamo la usiku kwa kuwa safari za usiku ziliruhusiwa tena mwaka 2023. Nauli hiyo ya kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani, pamoja na usiku mmoja wa gesti ya kawaida maeneo ya Kipawa au Ukonga, itenge kabla ya kununua kitenge hata kimoja, na isiguswe.

Bima ya safari ni jambo jema, mradi usome kipengele cha kucheleweshwa na kufutwa kwa safari. Nyingi haziihesabu vita, na hakuna inayolipa tukio lililokwisha kutangazwa kabla hujainunua.

Kuhusu fedha zako zilizokwama, mwandikie wakala barua au baruapepe ukitaja namba ya tiketi, umtake akuonyeshe kama shirika limekwisha kumrudishia na kiasi gani. Wakati huohuo liandikie shirika lenyewe. Mkataba wa Montreal unatoa miaka miwili ya kufungua shauri la madai, kuanzia siku uliyopaswa kufika, lakini usingoje hata mwezi.

Barua ya pili

"Shikamoo Mwandishi. Binti yetu anasoma India, na safari yake ya kurudi likizo hupitia Nairobi. Siku wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi walipogoma alikaa pale bila kujua aende wapi, nasi wazazi huku Nkuhungu tulikuwa tunalia tu kwenye simu. Atasafiri tena mwaka huu. Tunaweza kumsaidiaje tukiwa Dodoma, hasa ikizingatiwa kwamba hatuna uwezo wa kumnunulia tiketi nyingine?"

Marahaba, mzazi mwenzangu. Mgomo huo wa tarehe 11 Septemba 2024 katika Uwanja wa Jomo Kenyatta ulimalizwa siku ileile kwa makubaliano, lakini abiria wengi walikuwa wamekwisha kukosa ndege zao za kuunganisha. Ninaelewa uchungu wa kumsikia mtoto akisema betri ya simu inakwisha. Hata hivyo, kati ya viwanja vyote ambavyo binti wa Dodoma angeweza kukwama, Nairobi ndipo penye nafuu, na nafuu hiyo itumieni.

Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Binti akiwa na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano anaweza kutoka nje ya uwanja, kulala mahali pa bei ndogo na kurudi asubuhi. Fedha mnaweza kumtumia kwa simu, kwa kuwa M-Pesa ya Tanzania hutuma kwenda M-Pesa ya Kenya. Kinachohitajika ni awe na laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa jina lake, au awepo mtu mnayemwamini mwenye laini hiyo. Ndugu, muumini mwenzenu wa kanisani au msikitini, mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma huko: tafuteni jina hilo sasa, kabla ya safari, na binti aliandike kwenye karatasi iliyo ndani ya pasipoti, kwa sababu namba iliyo ndani ya simu iliyozima haimsaidii mtu.

Msimtumie fedha zote kwa mara moja. Mtumieni za chakula na malazi ya usiku mmoja, kisha msubiri asubuhi shirika liseme nini. Vijana wakiwa na hofu hununua tiketi yoyote inayotokea kwenye kioo cha simu, na hofu ya wazazi huwasukuma zaidi. Kama tiketi yake ni moja kutoka India hadi Dar es Salaam au Kilimanjaro, shirika lililomkatia tiketi linapaswa kumfikisha huko, nanyi kazi yenu ni kumtuliza ili asiikatae safari hiyo kwa kupokea nauli, kama nilivyomweleza mama wa Majengo. Kama ni tiketi mbili tofauti, aombe huruma ya shirika la pili mapema, kwa maandishi, akiambatisha ujumbe wa kufutwa kwa ndege ya kwanza.

Na ikionekana kwamba ndege itachukua siku nyingi, ipo njia ya barabara ambayo familia nyingi za Dodoma huisahau kwa sababu ya mazoea ya kupitia Dar es Salaam. Kutoka Nairobi kuna mabasi madogo na makubwa yanayokwenda Arusha kupitia Namanga, ambako taratibu za uhamiaji za nchi zote mbili hufanyika katika kituo kimoja cha pamoja. Akilala Arusha, asubuhi atapanda basi la Dodoma linalopita Babati na Kondoa, na jioni atakuwa mezani kwenu. Asisafiri usiku peke yake katika miji asiyoijua, na asikubali kubebewa begi na mtu anayejitolea getini.

Kabla hajachukua hatua hiyo, aulize begi lake kubwa lipo wapi. Begi lililosajiliwa moja kwa moja kwenda Dar es Salaam halitoki lenyewe. Ni lazima aombe lishushwe na akabidhiwe, na kile kipande kidogo cha karatasi chenye namba kilichobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia ndege ndicho kitakachomtambulisha. Likichelewa na kufuata baadaye, malalamiko kwa maandishi yawasilishwe ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa, na kama limeharibika, ndani ya siku 7. Nimeona wazazi wakiacha siku hizo zipite kwa kudhani kwamba kupiga simu kunatosha. Simu haitoshi.

Mwisho kwa upande wenu, pangeni zamu. Mzazi mmoja azungumze na binti kwa muda mfupi kila baada ya saa kadhaa walizokubaliana, na mwingine ashughulike na wakala. Simu kumi na tano za shangazi na wajomba, zote zikiuliza "umefika wapi?", humaliza betri ambayo mtoto anaihitaji kuonyesha tiketi yake.

Barua ya tatu

"Ndugu Mwandishi, nilikata tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Ndege ya asubuhi ikafutwa, tukaambiwa ni hali ya hewa, tukapewa ya jioni. Nilikuwa na kikao saa nane mchana, nikaondoka uwanjani nikapanda basi, na kikao nikakikosa. Je, nina haki ya kulipwa kwa kukosa kikao?"

Kwa kukosa kikao, sioni dalili nzuri, nami sitaki kukupa matumaini ya bure. Mkataba wa Montreal unahusu safari za kimataifa; safari iliyoanzia na kuishia ndani ya Tanzania inaongozwa na sheria za nchi na masharti ya tiketi yako, na hali mbaya ya hewa iliyothibitishwa humwondolea mwenye ndege lawama nyingi. Unachoweza kudai bila aibu ni nauli ya kipande ambacho hukusafirishwa, kwa kuwa huduma uliyoilipia hukuipata kwa wakati wake.

Liandikie kwanza shirika lenyewe, ukieleza tarehe, namba ya safari na kiasi unachodai, na ubaki na nakala. Lisipojibu, au likijibu kwa namna isiyoridhisha, peleka nakala hiyo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kwa ajili ya kuwasemea abiria, na ninashangaa jinsi wasafiri wachache wanavyolijua. Ulizia pia sababu ya kufutwa kwa maandishi. "Hali ya hewa" ikitajwa siku ambayo ndege nyingine zilitua na kuondoka Dodoma kama kawaida, una haki ya kuuliza swali hilo katika barua yako.

Safari ijayo yenye kikao cha mchana, ondoka jioni ya siku iliyotangulia, au panda treni ya alfajiri. Na kama bado hujatumia tiketi ya kurudi, wapigie leo. Abiria akiondoka uwanjani kimyakimya na kupanda basi, mfumo wa shirika unaweza kumwandika kwamba hakutokea, na kwa tiketi nyingi za kwenda na kurudi, asiyetokea kipande cha kwanza hufutiwa na cha pili. Waeleze kwamba safari ya asubuhi ilifutwa na wao wenyewe, kwamba hukuichukua ya jioni, na kwamba kiti chako cha kurudi Dodoma bado unakihitaji. Waombe wakuthibitishie kwa ujumbe, na uusome kwa makini kabla hujakata simu ili uone kama tarehe na jina lako vimeandikwa sawasawa.